Mtandao wa jamii, milki ya kampuni: Uislamu unasemaje?

Je, kampuni ina haki ya kuutwaa mtandao wa kompyuta inaoumiliki, hata kama umejengwa kwa jasho la wengi?

Tuangalie Freenode, mtandao wa mazungumzo uliokuwa baraza la mafundi wa programu huria duniani. Kompyuta zake zilitolewa na wafadhili, na walioiendesha walijitolea bila mshahara. Lakini kampuni yenye jina hilo iliingia mikononi mwa Andrew Lee mwaka 2017. Mei 2021 ukazuka mzozo. Lee alishikilia kuwa mali ni yake, wahudumu wakasema mtandao haukuwa kitu cha kuuzwa. Wakajiuzulu na kuanzisha Libera Chat. Siku chache baadaye mamia ya mabaraza ya watumiaji yakatwaliwa, na Juni kumbukumbu za usajili zikafutwa.

Ndugu Waislamu, hapa pana mambo matatu.

Kwanza, milki ni haki. Mali ya mtu haichukuliwi bila ridhaa yake, hata kama wanaoihitaji ni wengi. Aliyenunua kwa halali haitwi dhalimu kwa sababu tu amefunga mlango wake.

Pili, milki haifuti amana. Surat An-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na Al-Maida aya ya 1 inaamrisha mikataba itimizwe. Mashine ni ya kampuni, lakini maandishi na kazi za watu zimewekwa kwake. Anayetaka kufunga atoe taarifa na muda, kila mtu achukue chake.

Tatu, tukumbuke kisima cha Ruma, Madina. Maji yake yalikuwa yakiuzwa. Mtume (s.a.w.) hakumpora mwenyewe; alihimiza kinunuliwe. Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua, akakifanya wakfu. Hata Libera Chat imesajiliwa Sweden kama asasi isiyo ya faida, ili mtandao usiwe mali ya mtu mmoja.

Sasa tujiulize sisi. Anwani ya intaneti ya msikiti wako imeandikishwa kwa jina la nani? Darsa zilizorekodiwa zina nakala nyingine, au zote zimehifadhiwa kwenye mashine za kampuni ya mbali? Kamati ziandikishe mali hizi kwa jina la taasisi, kwa maandishi na mashahidi.

Anayejenga kwenye kiwanja cha mwenzake bila mkataba, asishangae siku akiambiwa abomoe.

Wallahu aalam.