Kwa Nini Umeme wa Jua Huzimika Mchana

Siku hizi wazazi wengi wanafikiri kuweka paneli za jua juu ya paa na kuziunganisha na umeme wa mtaani. Ni jambo jema, lakini wengi hudhani kwamba wakisha kuweka hawatapatwa tena na giza. Mtaani kwetu, huko Dodoma, mzee mmoja alimkasirikia sana fundi wake, maana umeme wa mtaa ulipokatika saa saba mchana, jua likiwaka vikali, nyumba yake nayo ilizimika. Alisema ameuziwa vitu vibovu. Kumbe mtambo wake ulikuwa mzima kabisa.

Paneli hutoa mkondo mnyoofu, yaani umeme uendao upande mmoja tu, kama wa betri ya tochi. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu: katika nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa volti 230. Kwa hiyo hutakiwa chombo cha kuugeuza, nacho ni inveta. Inveta ya namna hii haijitungii mwendo wake. Husikiliza mwendo wa waya za mtaani na kuufuata, kama mpiga ngoma mdogo amfuatavyo mkubwa. Umeme wa paneli ukipungua, nyumba huchota wa mtaani. Ukizidi, hutoka nje ukatumiwa na jirani.

Hapo penye kutoka nje ndipo penye hatari. Darasani twajifunza kwamba transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile iliyo juu ya nguzo hupokea volti 11,000 au 33,000 na kuzipunguza mpaka kufaa nyumba zetu. Basi, ukiisukumia volti 230 kutoka nyuma, huzipandisha kuwa maelfu yale yale. Sasa mfikirie fundi wa laini aliyepanda nguzo kuunga waya uliokatika, akiamini kwamba hauna umeme. Ana mke na watoto kama baba zetu. Watu wenye jenereta wanaochomeka waya kwenye soketi bila swichi ya kubadilishia huleta hatari hiyo hiyo, nami naona ni jambo la kulaumiwa sana.

Kwa ajili hiyo inveta hupima volti na mwendo wa umeme wa mtaani bila kupumzika. Ikiona umetoweka, hujitenga katika muda usiozidi sekunde 2. Umeme ukirudi, hungoja kwanza mpaka utulie, ndipo ijiunge tena.

Mtu atakaye taa wakati wa kukatika umeme hana budi kununua betri pamoja na inveta iwezayo kuitenga nyumba na waya za nje, kisha kuiendesha peke yake. Bei hupanda sana, na betri ndiyo huchakaa kwanza. Kwa fikira zangu, penye umeme usiokatika mara kwa mara si lazima.

Sasa hesabu kidogo. Jua kali la mchana huleta karibu wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Paneli ya mita mbili za mraba, igeuzayo sehemu 20 katika mia, hutoa wati 400. Paneli nne ni wati 1,600. Kwa saa tano za jua zuri twapata uniti 8. Lakini vumbi, waya na joto hupunguza. Ndiyo, hata joto! Paneli hupenda mwanga, haipendi moto. Ikifika digrii 60 hupoteza kiasi cha sehemu 14 katika mia. Kwa hiyo iachiwe nafasi ya hewa kati yake na bati. Nasi tulio kusini ya Ikweta tuielekeze kaskazini, imelala kidogo tu, ili mvua ioshe vumbi.

Kabla ya kuunganisha, sharti kupata ruhusa ya shirika la umeme na mita ihesabuyo njia mbili. Baadhi ya mita za kawaida hazijui kutofautisha: umeme utokao huuhesabu kana kwamba umeingia, na mwenye nyumba akalipia umeme wa paa lake mwenyewe.