Nimesota na Sonko: Sarufi ya Pesa na Thamani ya Mtu katika Biashara za Eastlands

Mchuuzi wa mitumba wa Gikomba aliyepata hasara ni nadra kusema, "Mimi ni maskini." Atasema, "Nimesota." Makala haya yanadai kwamba tofauti baina ya kauli hizi mbili si ya msamiati pekee. Imani ya watu wa Eastlands kuhusu fedha, na kuhusu thamani yao wenyewe wanapofanya biashara, imejificha katika sarufi.

Katika Kiswahili sanifu, kusota ni kujiburuta kwa makalio. Katika Sheng ni kuishiwa na pesa. Izingatiwe kwamba anayesota, hata kama anaaibika, bado anakwenda. Kiambishi -me- kinaonyesha tendo lililotimia na ambalo hali yake ingalipo, lakini hali yenyewe yaweza kuondoka. Hata nomino itokanayo, yaani msoto, haimo katika ngeli ya A-WA. Ufukara basi ni jambo limpatalo mtu, mfano wa homa au mvua.

Utajiri hausemwi hivyo. Mwenye nazo ni sonko au mdosi, na wakazi wa mitaa ya kifahari ni mababi. Hizi zote ni nomino za watu. Neno sonko lilifika hata kwenye karatasi za kura: Mike Mbuvi Sonko alichaguliwa mbunge wa Makadara mwaka 2010, kisha gavana wa Nairobi mwaka 2017. Ikumbukwe pia kwamba neno tajiri limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara, na katika pwani lilitumika kumtaja hata mwenye chombo. Awali lilitaja kazi ya mtu. Leo lataja hali yake.

Kwa nini umaskini uwe wa kupita na utajiri uwe wa kudumu? Sehemu ya jibu imo katika historia ya mitaa yenyewe. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Pumwani katika miaka ya 1920, na Kaloleni katika miaka ya 1940, ilimchukulia Mwafrika wa Nairobi kuwa mfanyakazi wa muda ambaye kwao ni mashambani. Dhana hiyo ilikuwa dhuluma, lakini ilimwachia mpangaji faraja moja: dhiki ya chumba kimoja haikuwa maisha yake kamili. Alikuwa mjini akitafuta. Kitenzi hicho kingali kinatumika vivyo hivyo, bila yambwa. Wote huelewa kitafutwacho ni nini.

Faraja hiyo, hata hivyo, ina gharama. Ikiwa utajiri ni nafsi ya mtu, hauna budi kuonekana, na njia ya kuuonyesha ni kutoa. Sonko asiyetoa huambiwa ana mkono wa birika. Ndiyo maana muuza duka huandika ukutani kwamba mkopo ni kesho, kisha jioni hiyo hiyo akampa jirani unga na mafuta kwa deni. Akikataa atalinda mtaji lakini atapoteza jina. Neno mtaji nalo lina siri yake: katika mchezo wa bao, mtaji ni hatua ya kula kete za mpinzani. Asiye na mtaji hulazimika kutakata, yaani kusogeza kete zake bila kula chochote. Wachuuzi wengi wa Muthurwa wangeuelewa mchezo huo bila kufundishwa.

Tatizo hili ni zito zaidi katika bei. Fundi wa Kamukunji atengenezaye masanduku ya wanafunzi huhesabu bati, rangi, bawaba na kufuli. Aghalabu hahesabu siku yake mwenyewe. Mteja akimwomba apunguze, kinachopunguzwa ni ujira wake, kwa kuwa bei ya bati haiko mikononi mwake. Fundi huyo huyo akiajiriwa kibarua angedai malipo ya siku bila haya! Inaelekea kuwa anaiona kazi yake kuwa na thamani pale tu mwingine anapoilipia.

Wataalamu nao hawakumsaidia sana. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilitetea umuhimu wa watu kama yeye, lakini sekta yao ikaitwa isiyo rasmi, jina linaloeleza kile ambacho si chao. Jina la jua kali, ambalo serikali ililiidhinisha katika waraka wake wa sera Nambari 2 wa 1992, angalau lilitaja kile wanachokistahimili.

Mabadiliko ya karibuni yanastahili kuchunguzwa. Kuhaso kilikuwa kitenzi cha kuhangaikia riziki, jirani wa kusota. Kampeni za uchaguzi wa 2022 zilikigeuza kuwa nomino ya tabaka: hasla, mahasla. Tarehe 30 Novemba mwaka huo serikali ilizindua Hazina ya Hasla, yenye mikopo ya mtu binafsi ya kati ya shilingi 500 na 50,000. Kwa mara ya kwanza, msoto ulipata mahali katika ngeli ya A-WA. Wapo walioona hilo kuwa heshima. Lakini mtu akishaitwa kwa jina la dhiki yake, kuitoka dhiki hiyo si jambo la kusubiri jua lichwe tu.

Pamoja na mikopo ya simu, M-Shwari tangu 2012 na Fuliza tangu 2019, limekuja neno limiti. Limiti hupangwa na mitambo kwa kupima jinsi mtu anavyotumia na kurejesha pesa, na hupanda au kushuka bila yeye kushauriwa. Deni husemwa kwa kauli ya kutendwa: nadaiwa. Limiti, ambayo mkopaji hakuichagua, hupewa kimilikishi, nayo huulizwa sokoni kama watu waulizavyo umri: "Limiti yako ni ngapi?" Mwenye mia tano hujibu kwa sauti ya chini.