KUKETI KWA KUNYOOSHA MIGUU

Katika Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kazi nyingi za nyumbani hufanywa mtu akiwa ameketi chini. Mwanamke achaguaye mchele mkekani hunyoosha miguu mbele na kuuweka ungo mapajani. Mkao huo unajulikana pia katika yoga, elimu ya kale ya Bara Hindi, kwa jina la dandasana: danda ni fimbo, na asana ni mkao.

Mwanafunzi asiyeuzoea mkao huu hupinda mgongo, na mwalimu humwamuru akae wima. Amri hiyo haitoshi, kwani chanzo mara nyingi hakimo mgongoni. Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mfupa wa kukalia na kuishia chini ya goti. Nyonga ikikunjwa huku goti limenyooka, misuli hiyo huvutwa kutoka ncha zote mbili. Ikiwa imekaza, hulivuta fupanyonga lilale nyuma. Na kwa kuwa uti wa mgongo umesimama juu ya fupanyonga, pingili 5 za kiuno hupoteza mpindo wake wa asili.

Njia nyepesi ya kusaidia ni kuinua makalio:

1. Blanketi likunjwe kufikia kimo cha sentimita 5 hadi 10, na mtu aketi ukingoni mwake.
2. Miguu inyooshwe pamoja, visigino vikiwa sakafuni na vidole vikielekea juu. Magoti yasiyonyooka yaachwe yakunjike kidogo.
3. Viganja viwekwe kando ya nyonga, visukume sakafu polepole, na kifua kiinuke.
4. Mtu avute na kutoa pumzi taratibu mara 5, kisha apumzike.

Maumivu makali ya goti au kiuno ni ishara ya kuacha mara moja. Ganzi nayo ni dalili kwamba neva imebanwa, mkao ubadilishwe.

Jaribio: Wanafunzi wawili wawili wapime kimo kutoka sakafuni hadi utosini, kwanza bila blanketi, kisha juu ya blanketi. Katika kipimo cha pili watoe kimo cha blanketi lililokaliwa. Jibu likizidi kipimo cha kwanza, mgongo umenyooka zaidi. Kisha wapime tena bila blanketi, magoti yakiwa yamekunjwa. Kimo kikiongezeka hapo pia, wataeleza wenyewe ni misuli ipi iliyokuwa ikiuvuta mgongo, na kwa nini amri ya mwalimu peke yake haikufaa.