Mafuta Ndiyo Misuli: Ushauri kwa Anayetaka Trekta Dogo

Wadogo zangu wa Matasia, na nyinyi wa Kitengela mnaonisoma mkiwa matatuni, leo tuzungumze trekta. Swali lenu ni moja: "Dada, ninunue au nisinunue?"

Jibu langu linaanzia kwenye ardhi. Kama una ploti moja ya 50 kwa 100, hiyo ni thumuni ya ekari tu. Kodisha. Siku hizi trekta huagizwa hata kwa simu, kupitia huduma kama Hello Tractor. Lije, lilime, liende zake, na wewe ubaki na akiba yako. Lakini kama una ekari kadhaa za nyasi ya Boma Rhodes upande wa Isinya, ng'ombe wa maziwa hapo Matasia wanaokujazia samadi kila siku, na majirani walio tayari kulipa uwalimie, hapo sogea karibu.

Kwanza andika kazi zako kwenye karatasi: kulima, kukata nyasi, kupakia samadi, kuchimba mashimo ya nguzo za ua. Kila kazi ina kifaa chake, na vifaa ndivyo vitakavyolipa mkopo. Matrekta madogo huwa na nguvu farasi 20 hadi 50 hivi. Muulize muuzaji kila kifaa ulichoandika kinahitaji ngapi, na trekta lina milango mingapi ya kuunganisha hosi. Ndoo ya mbele peke yake kwa kawaida huhitaji hosi nne, mbili za kuinua na kushusha, mbili za kuikunja na kuimwaga.

Sasa nikwambie jambo ambalo wauzaji hulipitia juu juu. Injini hainyanyui kitu. Inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, na mafuta ndiyo yanayobeba plau. Tairi la gari dogo lina presha ya psi 30 hivi. Ndani ya hosi za haidroliki ni 2,000 na zaidi. Tundu usiloliona linaweza kurusha mafuta yakapenya ngozi kama sindano. Kwa hivyo usitafute uvujaji kwa kidole. Pitisha kipande cha kadibodi. Mtu akidungwa, hata kama kidonda ni kidogo na hakimuumi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe ni mafuta ya haidroliki. Kungoja kesho kunaweza kumkatisha mkono.

Siku ya kuletewa, usikubali dereva ashushe trekta, apige picha na kuondoka. Liegesheni mahali tambarare, kisha mwambie akuelekeze huku wewe ndiye unayefunga plau kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta. Zima injini. Anza na mkono wa chini wa kushoto, fuata wa kulia, ambao kwenye matrekta mengi ndio wenye kurekebishwa, umalizie na ule wa juu. Plau isipokaa sawa, rekebisha mkono wa kulia na ule wa juu kabla ya kulilaumu shamba. Hosi zifuate: futa vichwa kwa kitambaa safi, kwa maana vumbi letu la Kajiado likiingia kwenye mafuta linatafuna pampu. Zifunge utepe wa rangi, mbili mbili, usije ukasukuma wenzo wa kuinua kumbe ndoo inashuka. Kisha washa, inua na ushushe mara kadhaa ili hewa itoke, shusha kila kitu chini, zima, ndipo upime mafuta ya haidroliki. Ukiyaona yamegeuka meupe, maji yameingia, mwite fundi.

Shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kukata nyasi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Leso, shuka, misuko iliyoachwa ikining'inia: vyote hivyo vibaki mbali nayo, na kifuniko chake kisitolewe. Usipite chini ya ndoo iliyoinuliwa hata kuokota spana. Na kwenye miteremko ya kuelekea milima ya Ngong, beba mzigo ndoo ikiwa chini, weka uzito nyuma, panda na ushuke moja kwa moja badala ya kukata mteremko kwa ubavu. Fremu ya usalama iwe imesimama, mkanda umefungwa.

Udongo nao una lake. Mwaka 1947 Waingereza walipeleka matrekta Kongwa, Tanganyika, kulima karanga. Kiangazi kiliufanya udongo mgumu, majembe yakavunjika, spea na mafundi wakakosekana, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Udongo mweusi wa Kitengela ni mkaidi vilevile: ukiloa unanasa magurudumu, ukikauka unapasuka na kuwa jiwe. Una siku chache tu za kulima, mvua za Machi au Oktoba zinapokaribia au zikishagusa ardhi kidogo. Chukua udongo kiganjani ufinye. Ukinata, acha; ukimeguka kwa urahisi, ingia.

Barabarani pia kuna sheria: trekta liwe na nambari ya usajili na bima, dereva awe na leseni ya daraja la G. Barabara ya Ngong kwenda Kiserian haina huruma na trela lisilo na taa.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, mwulize muuzaji mambo matatu: hosi ikipasuka Jumamosi, nitapata nyingine wapi? Chujio la haidroliki linabadilishwa kwa mara ya kwanza baada ya saa ngapi za kazi? Fundi wako anafika Matasia kwa ada gani? Akikujibu kwa uhakika na kukuandikia, lipa. Akianza kukupunguzia bei badala ya kujibu, mdogo wangu, shika mkoba wako uende kwa mwingine.