Tiba Lishe: Mambo ya Kujua Kabla ya Hudhurio la Kwanza

Mgonjwa anayekwenda kwa mara ya kwanza kupata tiba lishe, awe ametoka Nachingwea au Ruangwa, aghalabu hufika na matumaini makubwa na mikono mitupu. Dawa zake ameziacha nyumbani, kwa kuwa amesikia kwamba huko watu hutibiwa kwa chakula. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Tiba inayodai kumtazama mtu mzima, yaani mwili wake, mlo wake, kazi yake na usingizi wake, haiwezi kumtazama mtu aliyeficha nusu ya habari zake. Dawa zote zibebwe, za hospitali, za dukani na za mizizi, pamoja na kadi ya kliniki na majibu ya vipimo.

Chakula hubadili utendaji wa dawa. Mwenye kisukari akipunguza ugali ghafla huku akiendelea na kipimo kilekile cha insulini, sukari yaweza kushuka usiku hadi akapoteza fahamu. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda hapaswi kuongeza kisamvu au mchicha kwa pupa, kwa sababu vitamini K iliyomo hudhoofisha dawa hiyo. La muhimu kwake ni kiasi kisichobadilikabadilika. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, vikimezwa pamoja na dolutegravir bila chakula, huzuia dawa hiyo ya VVU isifyonzwe ipasavyo. Humezwa saa 2 baada yake au saa 6 kabla yake. Hata madafu, yanayosifiwa kila mahali, yana potasiamu nyingi inayoweza kuuvuruga moyo wa mtu ambaye figo zake zimechoka.

Je, mlo unaweza kumwondolea mtu dawa? Kwa baadhi, ndiyo. Katika utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, asilimia 46 ya waliopewa mpango maalumu wa kupunguza uzito walirudi kwenye kiwango cha sukari kisicho cha kisukari baada ya mwaka 1, bila dawa za kisukari. Lakini hao walikuwa na kisukari aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6, hawakuwa wakitumia insulini, na dawa zao zilisimamishwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Kisukari aina ya kwanza ni jambo jingine kabisa. Mwili wa mgonjwa huyo, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, umepoteza uwezo wa kutengeneza insulini, wala hakuna jani, mbegu au mfungo unaoweza kushika nafasi yake. Akiiacha, katika muda wa siku chache huanza kutapika, kuumwa tumbo na kuhema kwa kasi. Asipofikishwa hospitali hufa.

Katika hudhurio hilo mtaalamu hupima uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari, kisha huuliza mgonjwa alikula nini jana tangu alfajiri. Jibu la heshima, lile linalotaja nyama na matunda, halimsaidii yeyote. Aliyekula ugali wa makopa mchana na usiku na aseme hivyo. Aliyekunywa uraka au gongo naye aseme, maana pombe juu ya insulini huizidisha hatari ya sukari kushuka.

Mtaalamu makini atauliza pia kuhusu misimu. Mkulima wa korosho ana milo miwili tofauti ndani ya mwaka mmoja: malipo ya korosho yanapoingia, soda, wali na mikate huongezeka, ifikapo Januari hadi Machi, akiba imepungua na mazao mapya hayajakomaa, hivyo mihogo na ming'oko hushika nafasi. Mpango wa mlo usiojua tofauti hiyo hauvuki msimu.

Wala si lazima mpango huo uwe wa gharama. Mbaazi na ugali wa mahindi hukamilishana kwa protini. Mabibo, ambayo mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho, yana vitamini C nyingi inayousaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mbaazi na mboga za majani, ilhali chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia ufyonzaji huo. Ufuta una mafuta mazuri na kalsiamu. Karanga nazo ni chakula bora, ila zenye ukungu zitupwe: sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na huharibu ini.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza usajili. Waganga wa tiba asili na tiba mbadala husajiliwa na Baraza lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Anayeahidi kuponya kila ugonjwa kwa kopo moja la unga, au anayeagiza dawa za hospitali ziachwe siku hiyohiyo, anatosha kuwa sababu ya kuondoka na fedha zikiwa bado mfukoni.

Mwisho wa hudhurio, mgonjwa aombe maelekezo kwa maandishi: chakula gani, kiasi gani, kipimo kipi kirudiwe na lini. Karatasi hiyo aipeleke kwa daktari anayemwandikia dawa, kabla ya kubadilisha hata kidonge kimoja.