Shing'weng'we Uwanjani Tinde: Mafunzo Niliyopata

Watoto wengi wa Kisukuma wamesimuliwa habari za Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we linameza watu wote na mifugo yao, anasalia mwanamke mmoja mjamzito, na mtoto anayezaliwa ndiye anayekuja kulipasua tumbo. Tuliicheza hadithi hiyo Tinde, mkoani Shinyanga, kwenye uwanja wa shule, kwa mtindo wa pantomimu: nyimbo, vichekesho, zimwi kubwa la mitambo, na watazamaji wanaojibizana na waigizaji.

1. Watu wetu huzunguka. Pantomimu imekulia Uingereza, kwenye majumba ambayo mtazamaji hukaa mbele na kamba zote hufichwa nyuma ya pazia. Usukumani hakuna nyuma. Makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu yanaposhindana kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, umati huzunguka uwanja na kuhamia kwa kundi lenye mbwembwe kali zaidi. Wingi wa watu ndio ushindi wenyewe. Kwa hiyo zimwi letu lilimalizwa pande zote, mpaka mkia, na vijana waliolibeba tuliwavalisha njuga wakaonekana. Hakuna aliyenung'unika kwamba anaona miguu ya watu chini ya turubai. Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, nao huingia na chatu, kila mtu anajua ni wa kufugwa, na bado watu wanakimbia.

2. Fundi wa maajabu hutoka machimboni. Taya la juu, la mianzi na viroba, lilitakiwa kufunguka kiasi cha mtu kuingia amesimama. Kazi hiyo alipewa mchimbaji mdogo aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka Geita. Mtu aliyezoea kuteremsha wenzake kwenye duara, yaani shimo la machimbo, kwa kamba, na kufunga matimba ili kuta zisiporomoke, hashindwi na taya. Masharti yake yalikuwa mawili: mzigo wowote unaoning'inia juu ya kichwa cha mtu uwe na kamba ya pili, na amri ya kuvuta itoke kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo hakuwa mimi mwongozaji, na ilikuwa sawa.

3. Pazia la picha litobolewe. Upepo wa kiangazi Shinyanga hauna mchezo. Kitambaa kizima hung'oa nguzo. Matundu madogo hayaonekani kwa mbali, na mifuko ya mchanga chini humaliza kazi.

4. Sauti ni rahisi kuliko taa. Bati jembamba likitikiswa ni radi tosha. Jenereta liwekwe mbali, upande ambao upepo unaelekea, la sivyo hakuna atakayesikia neno. Na kwa kuwa Tinde ni njia panda ya Nzega, Shinyanga na Kahama, malori hayanyamazi. Tuliwafundisha waigizaji kushtuka kila honi inapolia, kana kwamba zimwi limenguruma. Moshi tuliuacha kabisa, maana moto na viroba haviketi pamoja. Wala usirushe unga karibu na moto ili kuiga moshi; ukitawanyika hewani huweza kuwaka ghafla.

5. Kichelewesheni kitu kikubwa. Katika hadithi, Masala anamletea mama yake panzi, kisha ndege, kisha mnyama, kila mara akiuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Tuliwaachia watazamaji wajibu. Uwanja mzima ulipiga kelele "Siyooo!", na kila jibu liliongeza hamu. Zimwi lingetoka mapema, turubai ingebaki turubai.

Tumbo lilipopasuliwa, akatoka yule bibi wa kwenye hadithi aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya, amelishika mkononi, anamtukana mkombozi wake. Sikio lilikatwa kutoka kwenye ndala kuukuu. Lilichekesha kuliko taya, radi na taa zote.

Anayetaka kujaribu kijijini kwake aanze kununua kamba nzuri, kisha taa. Rangi inunuliwe kwa chenji itakayobaki.