S iliyojificha katika *slovo

Mwanafunzi mwenye Kirusi kidogo akiombwa nomino ya Kislavi Mame yenye maana ya "neno" hujibu haraka: *slovo, na umbo la umiliki *slova. Jibu la kwanza ni sahihi, la pili ni kosa. Amechukua Kirusi cha leo akakitilia nyota mbele. Kumbe nyota haipambi neno. Inasema kwamba umbo hilo halikuandikwa popote, bali limejengwa upya kwa kulinganisha lugha.

Basi tulinganishe. Mzizi wa Kihindi-Kiulaya *ḱleu- ulimaanisha "sikia", na nomino yake *ḱleuos ilimaanisha "sifa", yaani linalosikika kuhusu mtu. Kigiriki cha kale kina kleos, Kisanskriti śravas. Katika Kislavi *ḱ iligeuka s, na eu mbele ya irabu ikawa ov. Maana nayo ilihama: linalosikika likawa linalosemwa.

Tazama sasa s ya mwisho. Kislavi Mame kilidondosha konsonanti za mwisho wa neno, ndiyo sababu *slovo huishia kwa irabu. Lakini kiishio kilipoongezwa, s haikuwa tena mwishoni, nayo ikabaki:

Kiima: *slovo, wingi *slovesa
Umiliki: *slovese, wingi *slovesъ
Mpewa: *slovesi

Kigiriki kilifanya kinyume: kilitunza s mwishoni (kleos), kikaipoteza kati ya irabu (umiliki kleous). Kisanskriti kilitunza zote mbili: śravas, śravasas. Kila lugha peke yake ingetudanganya. Zikikaa pamoja, ukweli unaonekana.

Je, waslavi wenyewe wana ushahidi? Wanao. Kislavi cha Kanisa cha Kale kiliandika slovese. Kirusi baadaye kilifuata mfano wa selo, "kijiji", kikasema slova; hata hivyo s imejificha katika slovesnost, "fasihi". Kicheki kinayo katika sloveso, "kitenzi".

Funzo ni hili: umbo la kawaida la leo laweza kuwa jipya, na neno la pembeni likatunza la kale. Kabla ya kuweka nyota, tafuta mabaki.

Zoezi: Kirusi kina nebo, "mbingu", wingi nebesa, Kigiriki nephos, "wingu", Kisanskriti nabhas. Andika umbo la umiliki la *nebo katika Kislavi Mame, na utetee kila herufi.